Flashi ya Shingoni

Mwalimu wa Hesabu hakuwahi kumpa mtu mgongo. Katika chumba cha walimu kiti chake kilikuwa kile cha kona, ukuta nyuma yake na mlango mbele. Kanisani alikaa benchi la mwisho, na Jumapili moja wageni walipomtangulia kulikalia, alisimama ibada nzima ameegemea ukuta. Kwenye picha za mahafali alijipanga mstari wa nyuma kabisa, ingawa alikuwa mfupi na kilichoonekana ni paji la uso tu. Tulimtania kwamba siku akifa itabidi azikwe ameketi. Hakucheka. Alitaka kujua ni nani aliyeanzisha maneno hayo.

Nilifanya naye kazi miaka mingi katika sekondari ya usharika, huku juu ya mji wa Lushoto, na mpaka leo sina hakika kama nilimpenda. Nilimheshimu, hilo halina ubishi. Lakini mtu anayekushuku kila siku humpendi kirahisi. Na wewe unaanza kumshuku, mwishowe mnaishi kama majirani waliogombania mpaka wa shamba. Mimi nilifundisha Kiswahili. Chumba cha kompyuta niliachiwa kwa sababu moja tu: ufunguo wake ulikuwa pamoja na funguo za maktaba, na funguo za maktaba zilikuwa zangu. Ndivyo nilivyopata usimamizi wa mashine nisizozijua, na kwa kuwa mashine zile hazikuisha kuugua, ndivyo nilivyolazimika kumwita yeye.

Alivaa flashi shingoni kwa kamba nyeusi ya kiatu, ndani ya shati, mahali ambapo wengine huvaa msalaba. Ndani ya flashi hiyo kulikuwa na Linux nzima, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta, ile inayowaka kutoka kwenye flashi yenyewe bila kuigusa diski ya kompyuta. Mashine ikigoma, alichomeka flashi, akaiwasha kwa mfumo wake yeye, akachungulia ndani kuona kilichoharibika, akazima, akachomoa. Kompyuta ilibaki kama alivyoikuta, bila alama yoyote kwamba kuna mtu aliyepita. Mwenyewe aliona hiyo ni adabu. Alisema mgeni mwema hahamishi vyungu. Sisi tuliona vingine. Mtu anayeingia nyumbani kwako na kutoka bila kuacha hata unyayo, utajuaje alichobeba?

Namna yake ya kufanya kazi niliitazama mara nyingi mpaka nikaikariri kama sala. Kabla mfumo haujawaka hutokea menyu fupi. Watu wengi hubonyeza kitufe cha kuendelea na kungoja. Yeye alibonyeza herufi e, ukatokea mstari mrefu wa maelekezo, akaufuata kwa kidole mpaka mwisho, akafuta neno quiet. Neno hilo huiambia mashine iamke kimyakimya, ionyeshe picha nzuri ya kungojea huku matatizo yake ikiyameza. Ukilifuta, mashine inalazimika kusema kila inachofanya, mstari kwa mstari, na ikikwama unaona imekwamia wapi.

"Kwanza mnyang'anye ukimya," alikuwa akisema. "Mashine haijui kudanganya, ila inajua kunyamaza."

Falsafa hiyo aliitumia kwa watu pia. Mwanafunzi aliyekosa hesabu hakuulizwa jibu. Aliambiwa arudie ubaoni huku akisema kwa sauti kila anachoandika, na darasa zima likasikia mahali alipopotea. Katika vikao vya walimu, mwenzetu akikaa bila kuchangia, Mwalimu wa Hesabu alimgeukia polepole na kusema kwamba fulani amenyamaza, fulani ana jambo. Basi tukawa tunazungumza hata tusipokuwa na la kusema, na vikao vyetu vilikuwa virefu kuliko vya shule yoyote wilayani.

Skrini ikiwa nyeusi aliongeza neno nomodeset, ambalo huizuia mashine kuhangaika na ufundi wa kioo chake na kuiacha ionyeshe picha ya kawaida. Na mwisho kabisa, mashine iwe na ugonjwa wowote, aliandika toram. Neno hilo huupakia mfumo wote kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hivyo flashi inaweza kuchomolewa na kazi ikaendelea. Wenye utaalamu hulitumia ili mambo yaende haraka. Yeye alilitumia kwa sababu hakuweza kuvumilia flashi yake ikae kwenye kompyuta ya mtu. Mfumo ukishawaka tu, aliichomoa, akaivaa, akaisukuma ndani ya shati, ndipo akaanza kazi. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu, aliniambia kwamba hata bafuni aliingia nayo, imefungwa kwenye plastiki.

Kanuni yake kuu ilikuwa kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Toa kimoja, jaribu, rudisha, toa kingine. Nyumbani kwake kuliwahi kutokea kisa cha maharage yaliyonuka moshi juma zima. Alianza kwa kubadili kuni. Kesho yake akarudisha kuni zilezile na kubadili chungu. Kisha maji. Mwisho akambadili mpishi, yaani alimtoa mkewe jikoni akapika mwenyewe, na maharage yakanuka vilevile. Kumbe ulikuwa mwiko, uliokuwa ukining'inizwa juu ya mafiga. Mama Mwalimu alijua tangu siku ya kwanza. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu bila hasira kwamba mumewe hakumuuliza, alikuwa anamchunguza.

Sokoni wauza viazi walimjua. Viazi vya ndoo vina ujanja wake, vikubwa hupangwa juu na vidogo hufichwa chini, na kila mnunuzi anajua na ananyamaza. Yeye aliomba ndoo imwagwe chini na kujazwa upya mbele ya macho yake. Siku moja mama mmoja kutoka Zirai, aliyeolewa huku kwetu na aliyekuwa mgeni pale sokoni, alimwagiwa ndoo yake na ikakutwa na viazi vikubwa mpaka chini. Mwalimu wa Hesabu alivua kofia mbele ya soko zima na kumwambia, "Nilikushuku na nimekosea, naomba radhi." Mama yule hakujua afanye nini na radhi hiyo. Akamwongezea viazi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikushuku waziwazi, na akikosea alikuomba radhi waziwazi, na mimi niliona radhi zake zinachosha kuliko shuku zenyewe. Mara ngapi nimesimamishwa katikati ya uwanja wa shule nikiombwa msamaha kwa kosa ambalo sikujua kwamba nilidhaniwa nimelitenda.

Halafu mtu huyohuyo alikuwa na miti ya plamsi kando ya njia ya wanafunzi, na msimu wa matunda hakuweka ua wala mbwa. Waliokota, walipanda, walivunja matawi, naye alipita hapo amebeba madaftari yao bila kugeuza kichwa. Nilimuuliza inakuwaje aifungie chaki kabatini na plamsi aziache wazi. Akasema anayeiba plamsi unamwona mdomoni. Sikuridhika na jibu hilo, na nadhani hata yeye hakuridhika nalo, maana alilitoa haraka mno.

Sasa lile la mtihani. Mwaka mmoja mtihani wetu wa majaribio wa kidato cha nne ulivuja. Wiki iliyotangulia kompyuta ya ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa imegoma, na Mwalimu wa Hesabu alikuwa ameiwasha kwa flashi yake. Hakuna aliyemtaja kwa jina, lakini watu waliacha kuzungumza alipoingia. Mkuu wa shule alimwita na kumwomba aitoe flashi ikaguliwe. Alikataa. Alisema haikaguliwi na mtu ambaye tayari anajua anachotaka kukuta.

Siku chache baadaye nilinunua maandazi kwa mama anayeuza nje ya geti, na karatasi aliyonifungia ilikuwa na swali la tatu la mtihani ule wa Kiswahili, nililolitunga mimi mwenyewe. Kopi zilizoharibika kwenye mashine tulikuwa tukizitupa shimoni nyuma ya jiko, na mama wa maandazi alikuwa akiziokota kwa sababu ni karatasi safi upande mmoja. Wanafunzi walikuwa wakila maandazi na kusoma. Basi, kesi ikaisha. Hakuna aliyesimama kumvulia Mwalimu wa Hesabu kofia. Na mimi, pamoja na kwamba ushahidi niliuleta mwenyewe, nilibaki na kijiba moyoni. Kama flashi ilikuwa safi, angepoteza nini kuionyesha? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Alistaafu akarudi kwao Mtae, mwisho wa barabara, na shule ikamsahau kwa kasi ya kutisha. Tukapata mwalimu kijana wa hesabu anayecheka, na vikao vikawa vifupi.

Mimi nisingekwenda Mtae kama si mama yangu. Mama alikuwa msimuliaji. Alijua ngano za Kishambaa ambazo sijawahi kuzisikia kwa mtu mwingine, na ndani ya kila ngano kuna wimbo, na wimbo ndio wenye ngano. Kwa miaka kadhaa, kila likizo, nilimrekodi kwa simu na kuhamishia kwenye laptop yangu. Simu ile ilitumbukia mtoni. Kisha mama akapata kiharusi. Kilichukua upande mmoja wa mwili na maneno yote. Anaelewa kila unachomwambia, anakutazama kwa macho yake yaleyale, anafungua mdomo, na hakuna kinachotoka. Sauti yake ikawa imebaki mahali pamoja tu duniani, na asubuhi moja mahali hapo pakakataa kuwaka.

Fundi wa mjini aliiangalia kwa muda mfupi sana. Akasema kwa furaha kwamba dawa yake ni kupiga window upya, vitu vya ndani vitaondoka lakini laptop itakuwa kama imetoka dukani leo. Niliikumbatia kama mtoto aliyekaribia kuchanjwa kwa nguvu, nikatoka. Jirani yangu akakubali kukaa na mama mpaka jioni ya siku ya pili, si zaidi, kwa kuwa naye alikuwa na mgonjwa wake. Nikapanda basi la Mtae nikalala kwa binamu, na asubuhi nikagonga mlango wa Mwalimu wa Hesabu.

Nyumba yake iko ukingoni kabisa, upande mmoja mashamba, upande mwingine nyika ya Mkomazi chini huko, kama mtu ameitandika. Alikuja mpaka nyuma ya mlango na kusimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani?"

"Madam wa Kiswahili."

"Madam wa Kiswahili alikuwa na sauti nyembamba."

Mama Mwalimu alimsogeza akafungua. Nikaelewa kwa nini aliuliza. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, meupe, na mkono wa kulia ulitetemeka. Flashi ilikuwepo. Kamba ilikuwa mpya.

Nilipomweleza habari ya laptop, alinihoji kwanza. Nani ameigusa, aliigusa nikiwa naona, alichomeka nini, nimeiangusha lini. Nilisema sijaiangusha. Akanyamaza mpaka nikakumbuka kwamba nimeiangusha. Kisha akaketi ukuta nyuma yake, akavua flashi, akaichomeka mwenyewe kwa kupapasa, na kwa kuwa hakuona herufi akaniambia mimi ndiye niandike. Kila neno nililoandika alinitaka nilisome herufi kwa herufi, mara mbili, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilifuta quiet, nikaandika toram mwishoni. Mistari ikamiminika, nikamsomea mpaka koo likakauka, halafu skrini ikawa nyeusi. Tukaanza upya, tukaongeza nomodeset. Safari hii mistari ilifika mbali zaidi, ikasema kitu kuhusu kunakili na nafasi, ikasimama. Tukajaribu tena. Ikasimama palepale.

Akauliza RAM ya laptop yangu ni kiasi gani. Sikujua. Akauliza ni ya zamani kiasi gani, nikamwambia, naye akainamisha kichwa. Nilimwona anajua. Laptop yangu ilikuwa ndogo mno kuubeba mfumo mzima tumboni. Nilingoja aseme, na hakusema, na hapo ndipo hasira ilinipanda, kwa sababu nilikuwa namwona mama yangu ameketi kwenye kiti chake cha kamba akifungua mdomo.

"Mwalimu," nikasema, "umenyamaza. Una jambo."

Mama Mwalimu aliyekuwa mlangoni na kikapu cha mboga ya mchunga alicheka kwa pua.

"Futa toram," akasema hatimaye. "Lakini flashi itabaki humo. Ikichomoka, kila kitu kinazimika."

Nilifuta. Mashine ikawaka. Niliifungua diski yangu na folda ya mama ilikuwepo. Nilitaka kunakili mara moja kwenye flashi niliyokuja nayo, akanizuia. Akasema jina la faili si faili, sikiliza kwanza. Nikafungua moja. Mama yangu akakohoa, kama alivyokohoa siku zote kabla ya kuanza, akatuita kwa Kishambaa tusogee karibu na moto. Mwalimu wa Hesabu alisogea. Nilimwona kwa macho yangu akikisogeza kiti mbele, mbali na ukuta.

Na umeme ukakatika.

Betri ya laptop yangu ilikwishakufa zamani, kwa hiyo sauti ya mama ilizimika katikati ya neno. Mama Mwalimu alitazama nje, akasema upepo umeangusha nguzo, na nguzo ya Mtae ikianguka mafundi huja wanapojisikia. Basi la mwisho la kushuka lilikuwa linapiga honi barabarani. Jirani yangu alikuwa akinisubiri. Nilifunga laptop, na nilipoichomoa flashi ili nimrudishie, nilijua kwamba narudi nyumbani nikiwa nimeisikia sauti hiyo kwa mara ya mwisho, maana diski ilikuwa ikikwamakwama, na diski inayokwamakwama haina subira ya mtu.

Hakunyoosha mkono kuipokea.

"Unakumbuka cha kufanya?"

Nikamtajia. Herufi e. Futa quiet. Ongeza nomodeset. Usiandike toram.

"Rudia."

Nikarudia. Akaitafuta kamba mkononi mwangu kwa vidole vyake, akaifunga vizuri kwenye tundu la flashi ili isichomoke, na kuniachia. Mama Mwalimu aliweka kikapu chini. Sidhani kama katika ndoa yao yote aliwahi kuishika flashi ile. Nilikimbia na basi nikalikuta.

Kesho yake mchana nilifanya kazi hiyo mezani kwetu, mama ameketi pembeni akiitazama laptop kwa jicho baya, kama mtu anayeniuliza ni nini hicho nimemletea ndani. Nilinakili kila kitu, mahali zaidi ya pamoja. Kisha nikafungua ngano ya kwanza. Aliposikia kikohozi chake mama aligeuka kutazama mlangoni, akitafuta nani ameingia. Ulipofika wimbo, midomo yake ikaanza kwenda. Sauti haikutoka. Lakini ilikwenda sawasawa na wimbo, neno kwa neno, na mimi nililia waziwazi mbele yake, jambo ambalo hapendi.

Sasa niseme na hili lingine. Kabla sijazima, nikiwa nimeketi na flashi ile ambayo mkuu wa shule mzima aliikosa, niliichungulia. Niliingia kila folda. Nilitafuta mitihani, barua za watu, picha, siri za ofisi zote alizopita Lushoto nzima. Kulikuwa na mfumo tu, mtupu, kama ulivyowekwa siku ya kwanza. Hakuwa amebeba hata kitu cha kwake mwenyewe.

Nilirudi Mtae mama alipopata mtu wa kukaa naye. Nilibeba plamsi, na rekodi zote kwenye simu mpya. Safari hii alifungua mlango mwenyewe bila kuuliza nani. Nilimwambia kwamba kila kitu kimepona, nikamshukuru, na nikaiweka flashi kwenye kiganja chake. Aliipapasa kamba, fundo, tundu.

"Ulichungulia?" akauliza.

Mama Mwalimu alinitazama. Nilifikiria kukataa.

"Nilichungulia, Mwalimu."

"Vizuri," akasema. "Ungesema hukuchungulia, nisingekuamini tena."

Alitaka kuivaa, lakini mkono wake ulikuwa umezidi kutetemeka na kamba ilimshinda. Alijaribu, akajaribu tena. Kisha akanirudishia flashi, akageuka, akanipa mgongo wake wote, na kuinamisha shingo nimfungie.